Shangazi Anakabidhi Paa la Mwisho

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka ishirini na sita ya kupanda juu ya nyumba za watu kwa ruhusa yao, fundi mkuu wa kitengo chetu cha paneli za jua anastaafu rasmi. Kamati ya sherehe imempa mtunza stoo kazi ya kuandika wasifu huu, kwa maelezo kwamba yeye ndiye anayemfahamu mstaafu kuliko wote. Ukweli ni kwamba mtunza stoo anaifahamu zaidi ngazi ya mstaafu, lakini baada ya miaka yote hii vitu hivyo viwili havitenganishiki. Meneja aliomba wasifu uwe mfupi na wa kuchangamsha. Kwa hilo la pili tutajitahidi.

Hapa kazini anaitwa Shangazi, hata na watu waliomzidi umri. Jina lilianzia kwenye paa lake la kwanza. Mwenye nyumba alitoka nje, akamwona mwanamke amesimama juu ya mabati yake anayagongagonga kwa nyundo, akauliza kwa ukali yule ni nani. Dereva wetu wa wakati ule, mtu asiyependa maelezo marefu, alimjibu kwamba yule ni shangazi, amekuja kutafuta kasoro. Mwenye nyumba akaridhika kabisa na kurudi ndani, kwa kuwa na yeye alikuwa na shangazi.

Hakuja kwetu kama fundi wa umeme. Alikuwa fundi wa kuezeka, na kampuni ilikuwa bado changa. Mafundi wetu wa siku hizo walikuwa hodari wa nyaya, ila mabati waliyatoboa kama watu wanaotafuta kitu kilichopotea chini yake. Wateja walipata mwanga, na masika yalipoanza walipata na mvua, vyote katika chumba kimoja. Shangazi akaajiriwa kwa muda apite nyuma ya mafundi hao akiziba matundu. Alipita msimu mzima na washa zake, zile pete ndogo za mpira, na gundi yake, kisha akaenda kwa meneja na kumweleza, bila kupandisha sauti, kwamba ingekuwa rahisi zaidi kama yeye ndiye angetoboa. Akapewa drili. Hajawahi kuirudisha stoo bila kuifuta, na hapa mtunza stoo anaomba wahusika wengine wasome sentensi hii mara mbili.

Umeme alijifunza kwanza kwa kushika tochi ya wenzake, baadaye akaenda chuo, akafaulu, akarudi na cheti ambacho mama yake alikitundika ukutani kichwa chini. Hakukigeuza. Alisema mama ameshapanda kwenye stuli kukitundika, na mtu akishapanda asirudishwe kwa jambo dogo.

Namna yake ya kufanya kazi tuliizoea taratibu, wengine kwa manung'uniko. Hapandi paa kabla hajaingia ndani. Anapita chumba kwa chumba akiangalia dari, anauliza kenchi, zile mbao zinazobeba mabati, zimepita wapi na dari ilivuja upande gani mwaka juzi, kisha anatoka nje na kukaa kwenye ndoo iliyofunikwa, anaangalia vivuli. Kivuli cha tangi la maji la jirani kikigusa paneli moja asubuhi, paneli hiyo huzipunguzia nyingine zote umeme, na Shangazi hana msamaha na tangi la jirani. Wateja wengi walidhani amechoka. Mmoja alimletea mto.

Kilichomfanya awe Shangazi tunayemjua leo, hata hivyo, kilitokea kwa mkunga mmoja aliyekuwa akipokea wajawazito nyumbani kwake. Tulimfungia paneli, tukampa ufunguo wa sanduku la betri, tukamwambia asiguse kitu, tukaondoka tumefurahi. Kiangazi kikapita. Siku moja mkunga akaja ofisini, hana hasira yoyote, akauliza tu kama kuna dawa ya taa zilizochoka, maana amerudia mishumaa na mishumaa inamwagika. Shangazi alikwenda, akapanda. Paneli zilikuwa zimefunikwa na vumbi zito hata njiwa walikuwa wameacha nyayo. Hapakuwa na kitu kilichoharibika. Hakuna aliyewahi kumwambia mkunga kwamba vile vioo huoshwa, na sisi wenyewe ndio tuliomwambia asiguse. Shangazi akaziosha, akashuka, akaingia kwenye gari, akafunga mlango kwa kishindo. Alikuwa na hasira, na tuliomkasirisha tulikuwa sisi.

Kesho yake akatangaza utaratibu. Kazi haikabidhiwi mpaka mtu wa nyumba hiyo, yule anayebaki hapo siku zote, apande ngazi mwenyewe, azione paneli zake uso kwa uso, na afute moja kwa mkono wake. Asubuhi, kabla kioo hakijapata moto, kwa maji matupu na kitambaa laini. Wagonjwa na wazee aliwasamehe, wao wangechagua ndugu anayeishi nao. Waoga hakuwasamehe. Mpaka mtu apande, jina la nyumba linabaki kwenye ubao wa mapokezi, chini ya maneno kazi zisizokabidhiwa, ambapo kila anayeingia kulipa au kulalamika analiona.

Meneja wa wakati huo alisema wateja watatukimbia. Hawakukimbia. Walipanda, wakilalamika, na baadaye wakawasimulia jirani zao walivyopanda, na jirani wakaja kutaka paneli.

Hatuwezi kutaja wote. Kuna mama mkwe mmoja aliyekuja kumtembelea mwanawe na kubaki, ambaye alikubali kupanda kwa shingo upande, akafika juu, akagundua kwamba kutoka pale unaona ua wote wa jirani, pamoja na nani anaosha vyombo na nani amekaa. Alifuta paneli zote kwa uangalifu mkubwa. Tulimshusha mchana kwa kumwambia chakula kinapoa. Hadi leo paneli za nyumba ile ndizo safi kuliko zote mjini.

Kuna na ndugu wawili waliorithi nyumba moja na kuacha kusalimiana. Kila mmoja alidai yeye ndiye mtu wa nyumba, kwa hiyo yeye ndiye apande. Shangazi akawapandisha wote wawili, mmoja kila upande, na ndoo moja ya maji katikati. Iliwabidi wasemezane. Walichosemezana kilikuwa kuhusu ndoo tu, lakini walianza.

Na kuna askari mstaafu aliyeelewa somo kupita kiasi. Alifuta paneli moja mbele yetu kama alivyoagizwa, tukaondoka, na Jumamosi iliyofuata akapanda tena na kuzipaka zote dawa ya viatu. Ziling'aa kama buti za gwaride na hazikutoa umeme hata wa kuwasha redio. Shangazi alishinda juu ya paa lile akizisugua kwa kitambaa na maji ya vuguvugu, naye askari amesimama chini, wima, kama mtu aliyepewa adhabu. Waliagana vizuri. Alisema hajawahi kukutana na afande mkali kiasi hicho.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kila mtu katika kitengo anasubiri kuona kama mtunza stoo atathubutu kuliandika.

Mume wa Shangazi ni fundi cherehani. Anashonea hapo hapo nyumbani kwao, katika chumba cha mbele kinachotazama barabara. Kwa kuwa mkewe ni Shangazi, tulishindwa kukubaliana yeye tumwite nani, tukabaki na Fundi. Wao wenyewe wanaitana hivyo hivyo, fundi na fundi, na mgeni akiwa sebuleni huchukua muda kujua nani ameitwa kula. Ni mtu mpole, mwenye hadithi, na anaogopa kwenda juu kwa namna ambayo hajawahi kuificha. Akitaka kutundika pazia humwita jirani. Suruali ya mteja mrefu huipima mteja akiwa amekaa.

Paneli za nyumbani kwao Shangazi alizifunga mwenyewe, na ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Reli za kushikia paneli zimenyooka, nyaya hazionekani, hakuna tundu hata moja linalovuja. Cherehani ya Fundi ikaacha kukanyagwa kwa mguu na kuanza kukimbia kwa umeme. Ikafika asubuhi ya kukabidhi. Fundi akaja na kitambaa chake mwenyewe, akaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza, akaweka kwenye cha pili, akakumbuka kwamba kuna mteja anamsubiri. Akashuka kwenda kumwangalia. Hapakuwa na mteja.

Tangu siku hiyo, kila habari ya ngazi ilipoguswa, Fundi aliingia mitini kwa njia hiyo hiyo. Miaka ikapita, na mteja bado anasubiri. Binti yao alijitolea kupanda badala ya baba yake. Shangazi akakataa, akasema binti ataondoka. Binti akaolewa, akaondoka. Sisi wengine tulimshauri ajikabidhi mwenyewe, kwani na yeye si mtu wa nyumba? Alikataa na hilo. Akaendelea kuzifuta yeye kila baada ya wiki chache, na kwenye ubao wa mapokezi, juu kabisa, neno Nyumbani likabaki kwa mwandiko wake. Mameneja wamebadilika, na kila mpya ameuliza hiyo ni kazi gani, akaelezwa, akaliacha. Dada wa usafi alijifunza kufuta ubao kwa kulizunguka.

Tulilichukulia kama utani, na Shangazi mwenyewe alitusaidia kulichukulia hivyo. Mwaka huu utani uliisha.

Bega lake la kulia, lililobeba paneli kuliko bega lolote katika kampuni hii, liligoma. Daktari akasema hakuna kunyanyua mkono juu ya kichwa tena, na ngazi ndiyo kabisa. Akamaliza miezi yake ya mwisho akiwafundisha mafundi wapya uani, ameketi kwenye kiti, ameweka mikono mapajani kama mtu aliyekuja kutembelea. Wakati huo huo, jirani yake nyumbani akaanza kujenga. Lori la mchanga likawa linamwaga kila siku, na vumbi lote likapanda juu ya paa ambalo hakuna mtu wa kulipanda. Cherehani ya Fundi ikaanza kuchoka saa za mchana, halafu mapema zaidi. Ulikuwa msimu wa sare za shule. Akaitoa cherehani ya zamani uvunguni, akarudi kukanyaga kwa mguu, na mguu ukavimba.

Mafundi walijitolea kwenda kuziosha. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, ngazi ipo, watu wapo, kila mmoja ana deni la hisani kwake. Shangazi aliwashukuru na kukataa. Wakamwona amekuwa na kichwa kigumu bure, wakamwambia hivyo, kwa heshima. Ndipo akasema maneno ambayo waliokuwepo hawajayasahau.

"Nyinyi mtakuja leo, na mwezi ujao mtakuja. Baadaye mtakuwa na kazi zenu. Mimi nilimwona mkunga anawasha mshumaa chini ya paneli nzima. Sitaki fundi wangu ashone gizani, nami nimekaa hapo namtazama, na bega hili."

Hapo tulielewa kwamba ule ubao haukuwa utani hata siku moja. Alikuwa anaogopa. Mwanamke aliyetembea juu ya mapaa ya mji mzima alikuwa anaiogopa nyumba yake mwenyewe, siku ambayo hataweza kuipanda. Akamwambia meneja kwamba hatakuja kwenye sherehe, kwa sababu fundi haagi akiwa na kazi isiyokabidhiwa. Meneja alicheka kwanza. Alipoona anacheka peke yake, akaacha. Soda zilikuwa zimeshaagizwa.

Ni nani aliyempelekea Fundi habari hizi, wasifu huu hautasema. Kinachojulikana ni kwamba asubuhi moja ya wiki iliyopita alikuja stoo, futi yake ya kupimia ikiwa shingoni, akasalimia, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, kisha akauliza kama anaweza kuuona ule mkanda wa usalama ambao mafundi hujifunga wakiwa juu. Akapewa. Akauweka kwenye meza karibu na dirisha, akavaa miwani, akaanza kuukagua mshono kwa mshono. Aliukunja, akauvuta, akaugeuza ndani nje, akakwaruza uzi kwa ukucha. Alipofika kwenye pete ya chuma, pale mkanda unaporudi na kushonwa juu yake wenyewe, alikaa muda mrefu. Mtunza stoo aliwaashiria mafundi wawili waliofuata vifaa kwamba wasubiri. Hatimaye Fundi akavua miwani, akasema aliyeshona pale anajua kazi, na kwamba miaka yote hii alidhani watu wale juu wameshikiliwa na ujasiri tu. Akauliza kama anaweza kuondoka nao. Aliandikiwa, akaondoka.

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijashika, karibu kitengo kizima kilikuwa kinapita kwa bahati tu kwenye barabara ile. Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani. Shangazi alikuwa chini, ameishika kwa mkono wake mzima. Katika miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kumwona chini ya ngazi, na hakujua asimame vipi. Fundi alikuwa amefunga mkanda sawasawa kuliko wengi wanaolipwa kuufunga. Fundi kijana wetu alikuwa ameshatangulia juu kushika kamba, kwa amri ya Shangazi, na kwa sharti kwamba asiguse kioo hata kwa kidole.

Fundi akaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza. Akaweka kwenye cha pili. Akasimama hapo. Sote tulikijua kipandio kile.

Na mteja akaja. Hatutii chumvi, wapo mashahidi. Alikuja mtu mzima na mfuko wake wa plastiki, akasimama mlangoni pa chumba cha mbele, akapaza sauti kwamba amefuata sare za wanawe na ana haraka. Baadhi yetu tuliangalia chini. Mikono ya Shangazi, ule mzima na ule mbovu, yote miwili sasa ilikuwa kwenye ngazi. Fundi aligeuza shingo polepole, kwa sababu sehemu nyingine za mwili hazikuwa tayari kugeuka.

"Samahani, ndugu yangu, subiri kidogo," akamwambia. "Leo kuna fundi ananisubiri mimi."

Akapanda. Alipanda macho yamefumbwa hadi ukingoni, mtindo ambao kitengo hakiupendekezi, na juu alikaa kwanza, akashika bati kwa mikono miwili, akakaa zaidi. Kisha akaomba maji. Alitakiwa kufuta paneli moja. Akafuta ya kwanza, akaiangalia kwa karibu kama anayeangalia pindo, akasogea kwa makalio hadi ya pili, na hakusimamishwa na mtu mpaka zilipokwisha. Vumbi lote la mjengo wa jirani likateremka kwenye mfereji, jekundu. Chini, Shangazi alikuwa analia wazi wazi na kumwelekeza kwa wakati mmoja, kwamba asibonyeze, kwamba kitambaa kimechafuka, akisuuze. Fundi alijibu kwamba amesikia, fundi. Mteja mwenye haraka alikuwa ameshika ngazi upande wa pili.

Mchana wa siku hiyo cherehani ilikimbia hadi jioni. Jumatatu Shangazi alifika kazini kabla ya wote, akaenda moja kwa moja mapokezi, akalifuta neno lile kwa kiganja. Pale lilipokuwa pamebaki doa jeusi, jeusi kuliko ubao wote, na dada wa usafi anasema bado mkono wake unalizunguka.

Sherehe ipo, na mstaafu atahudhuria. Baada ya hapo amesema atakaa chumba cha mbele na kujifunza kushona. Fundi ameshatangaza kwamba mkasi wake mkubwa haushikwi mpaka mwanafunzi apige pindo moja lililonyooka mbele ya mashahidi. Tunaambiwa la kwanza limekataliwa.

Shangazi, tunakushukuru kwa mapaa yasiyovuja, kwa mafundi uliowalea, na kwa wateja wote uliowatoa jasho kwa faida yao. Tutakukumbuka, na tutajuta kila tutakapokuta drili ina vumbi. Uwe na siku njema na nyingi chini ya paa lako mwenyewe, na bega lipumzike.

Jambo dogo la stoo. Mkanda wa usalama alioazima mume wa mstaafu haujarudishwa. Wote mnafahamu msimamo wa mtunza stoo kuhusu vifaa visivyorudishwa. Huo hatuudai.